Kuziba Damu Kwanza, Kisha Kuunguza: Tiba ya Pamoja ya Uvimbe wa Ini

Ini hupokea damu kwa njia mbili. Takriban robo tatu huletwa na vena kubwa itokayo matumboni, na robo iliyobaki huletwa na ateri ya ini. Saratani iliyoanzia katika ini lenyewe haifuati mgawanyo huo. Hujilisha karibu yote kwa ateri. Tofauti hiyo humpa daktari mwanya wa kuushambulia uvimbe bila kuliangamiza ini zima.

Tuanze na joto. Sindano maalumu hupenyezwa kupitia ngozi hadi ndani ya uvimbe, ikiongozwa kwa picha za ultrasaundi au CT. Mawimbi ya redio, au ya maikrowevu, huipasha moto nyama iliyoizunguka, nayo ikifika nyuzi joto 60 za Selsiasi seli hufa papo hapo. Uvimbe usiozidi sentimita 3 mara nyingi huteketea wote. Ulio mkubwa zaidi husumbua, na sababu yake anaijua yeyote aliyewahi kuchemsha chungu kinachoongezwa maji baridi kila mara. Damu ipitayo katika mshipa wenye upana wa zaidi ya milimita 3 hulichukua joto ikaenda nalo. Kando ya mshipa huo husalia seli hai, na hizo ndizo zirudishazo ugonjwa.

Hapo ndipo kuziba damu kunapohitajika. Mrija mwembamba hupitishwa katika ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono hadi kwenye tawi linalolisha uvimbe. Dawa ya saratani, kama vile doksorubisini, humiminwa humo pamoja na mafuta ya lipiodoli, kisha tawi huzibwa kwa chembe za jelatini. Sindano ya joto inapofuata, damu ya kupoza ni haba, hivyo eneo linaloungua hupanuka. Aidha, na hili halitajwi vya kutosha, mafuta yale hung'aa katika picha za CT, yakauonyesha mpaka wa uvimbe waziwazi. Homa, kichefuchefu na maumivu ya siku chache baada ya kuzibwa ni mambo ya kawaida.

Je, wagonjwa huishi zaidi? Utafiti wa Guangzhou, China, uliochapishwa mwaka 2013, uliwagawa kwa nasibu wagonjwa 189 wenye uvimbe usiofikia sentimita 7. Kufikia mwaka wa 4, asilimia 61.8 ya waliopewa tiba zote mbili walikuwa hai, dhidi ya asilimia 45.0 ya waliounguzwa tu. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini hao hawakuwa watu ambao ini lao lilikwisha kushindwa kazi.

Katika wodi zetu wengi hufika wakiwa na macho ya manjano na tumbo lililojaa maji. Kumzibia ateri mgonjwa wa namna hiyo ni hatari, hasa ikiwa ile vena kubwa nayo imezibwa na damu iliyoganda, kwa kuwa ini halitakuwa na chanzo kingine cha kutegemea. Kwa sababu hiyo, mwenye sirosisi, au aishiye na virusi vya homa ya ini aina ya B, amwulize daktari wake kuhusu kipimo cha ultrasaundi kila baada ya miezi 6, ambacho chaweza kuukuta uvimbe ungali chini ya sentimita 3, wakati ambapo joto peke yake huenda likatosha.