Kuvu Inayoua Fukusi wa Migomba

Katika vibanja vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mgomba wenye mkungu huweza kuangushwa na upepo mdogo tu. Tunguu lake likipasuliwa, huonekana limetobolewa na mabuu wa fukusi.

Zamani ilitumika sumu ya dieldrin, lakini katika nchi kadhaa fukusi waliizoea. Tena, kwa wakazi wa visiwa kama Bumbire, wategemeao samaki wa Ziwa Viktoria, sumu inayosombwa na mvua hadi majini ni hatari nyingine.

Ipo njia ya asili: kuvu ya udongoni iitwayo Beauveria bassiana. Mwaka 1835 Mtaliano Agostino Bassi alithibitisha kuwa ndiyo iliyokuwa ikiua viwavi wa hariri.

Spora zake hunata juu ya gamba la fukusi. Penye unyevu huchipua, hulainisha gamba kwa vimeng'enya, kisha hupenya. Baada ya siku kadhaa mdudu hufa, na ukungu mweupe hutokeza kwenye maungio yake ukiwa na spora mpya.

Jua kali huua spora. Kwa hiyo huwekwa chini ya matandazo. Buu aliyemo ndani ya tunguu hafikiwi kwa urahisi; hivyo kuvu haiondoi haja ya kupanda machipukizi safi.

Zoezi: Wanafunzi wapasue kipande cha gogo la mgomba, wakilaze kifudifudi shambani, na baada ya siku 3 wahesabu fukusi waliojificha chini yake. Kwa nini hapo panafaa kuwekwa spora?