Somo: Pepopunda Hukazaje Mwili?

Mtazame mtu apigaye kasia pale Mbuchi. Akivuta, msuli mmoja wa mkono hukaza. Msuli wa upande wa pili hulegea. Yote miwili ikikaza pamoja, mkono hauendi.

Nani huuambia msuli ulegee? Ni mishipa ya fahamu. Ndani ya uti wa mgongo, mshipa mmoja hutuma ujumbe wa "tulia". Mshipa wa pili huupokea kwa vipokezi vyake. Vipokezi hivyo hukusanyika mahali ujumbe unaposhukia. Protini maalumu huvishika, kama kamba inavyoshika mtumbwi dikoni.

Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na mavi ya wanyama. Huingia kwa kidonda, hata cha mwiba. Sumu yao hufika uti wa mgongo na kuzuia ujumbe wa "tulia" usitumwe. Vipokezi vipo, lakini havipati kitu. Misuli hukaza, taya hufunga, mgongo hupinda. Mgonjwa aweza kufa. Huyu hana pepo wala hakurogwa. Ana sumu mwilini.

Chanjo huikinga sumu hiyo. Basi, ndugu msomaji:

Ukijeruhiwa, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati.

Mama mjamzito apate chanjo.

Kitovu cha mtoto kisipakwe udongo wala mavi.

MASWALI
1. Msuli mmoja ukikaza, wa pili hufanya nini?
2. Sumu ya pepopunda huzuia ujumbe gani?
3. Nyumbani kwako, nani hajapata chanjo?