Ukirudi Nyumbani na Mshono

Wagusii si wageni wa kisu. Kabla ya hospitali, ababari, wapasuaji wa jadi, walikuwa wakikwangua fuvu la mtu aliyeumia kichwa akabaki na maumivu yasiyoisha. Leo mgonjwa hupasuliwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, Nyamira au Tabaka, na baada ya siku chache huruhusiwa kwenda nyumbani. Huko ndiko wasiwasi huanzia: uvimbe huu ni wa kawaida?

Mwili hautofautishi kisu cha daktari na panga. Nyama ikikatwa, seli zilizojeruhiwa hutoa kemikali za kuita msaada. Mishipa hupanuka, chembe nyeupe za damu hukusanyika, na kemikali nyingine hufika ubongoni zikapandisha joto. Ndiyo maana siku mbili za kwanza waweza kuwa na homa ndogo na mshono wenye wekundu kidogo ukingoni, bila kijidudu chochote. Baada ya upasuaji mkubwa, kinga nayo hulegea kwa siku kadhaa, na vijidudu hupata nafasi. Sukari ya damu pia hupanda, kwa hiyo mwenye kisukari asikatize dawa kwa uamuzi wake.

La kuangalia ni kama hali inapungua au inazidi. Homa inayoanza au kurudi baada ya siku ya tatu, wekundu unaosambaa, usaha, harufu, mshono kuachia: rudi hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi huweza kujitokeza hata siku ya 30, nyuzi zimeshatolewa na jamaa wamesahau. Mama aliyejifungua kwa upasuaji aangalie pia uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya. Ukiona mgonjwa anahema, anachanganyikiwa, hapati mkojo, au mguu mmoja umevimba, usingoje kukuche. Tafuta gari.

Tafadhali, msifungue kapsuli ya antibiotiki mkanyunyiza unga wake juu ya mshono, wala msibandike majani yaliyopondwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bendeji. Mboga ya chinsaga na ugali wa wimbi ni vizuri, lakini kidonda kinahitaji pia mayai, maharagwe au omena. Mgonjwa atembee uani kila siku. Jembe na mtungi wa maji vingoje hadi daktari aruhusu.

Ukirudi hospitali, beba karatasi ya kuruhusiwa. Ina tarehe ya upasuaji na dawa ulizopewa, na daktari wa zamu huenda si yule aliyekupasua.