Fundi wa boila na ndoto ya nyuklia

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kimulot. Viwanda vya majani chai hunipa vibarua vya kurekebisha mabomba ya boila. Je, naweza kupata kandarasi katika nyuklia kwa jina langu mwenyewe?

JIBU: Unaweza, ila usiuze ng'ombe bado. Kenya haina kituo cha umeme wa nyuklia. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliupinga mradi wa kujenga kituo kama hicho kwao mwaka 2024, na sasa serikali imeelekeza macho Siaya, kando ya ziwa. Barani Afrika, kituo kinachozalisha umeme ni kimoja tu, Koeberg cha Afrika Kusini; Misri inajenga El Dabaa.

Mlango ulio karibu nawe ni ukaguzi wa viungo vya bomba kwa picha za mionzi. Kazi hiyo ipo nchini, na mwenye chanzo cha mionzi lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya. Somea upimaji huo, upate cheti kinachotambulika nje pia.

Utakapoitwa kazini, utavaa kifuani kipima mionzi. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mkandarasi huhama kutoka tajiri mmoja hadi mwingine, lakini mionzi aliyopokea huhesabiwa kwa jumla. Kwa hiyo dai nakala ya rekodi yako kabla hujatoka getini, hata kama wamechelewa kukulipa.