Kuhesabu Wageni wa Tovuti: Tarakimu Husema Nini, na Hazisemi Nini

Uwanja wa ndege wa Kigoma upo katika kata ya Katubuka, Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Katika uwanja wowote wa ndege hufanyika hesabu nyingi kila siku: ndege zilizotua, abiria walioshuka, mizigo iliyopakuliwa. Hakuna mtu anayeweza kuchukua idadi ya mizigo akaiita idadi ya watu. Vilevile, mfanyabiashara aliyesafiri mara nne kwa mwezi huandikwa mara nne katika hesabu ya abiria, ingawa mtu ni yule yule mmoja. Kila hesabu ni sahihi, ila kila moja hujibu swali lake.

Tovuti nayo ina milango yake na hesabu zake. Lakini kosa ambalo hakuna alifanyaye uwanjani hufanywa mara nyingi na wenye tovuti: huchukua idadi ya mizigo wakaitangaza kuwa idadi ya watu. Makala haya yanaeleza namna hesabu hizo zinavyopatikana, na namna mwenye tovuti anavyopaswa kuzisoma kabla ya kuamua jambo lolote.

Mkutano wa bodi

Na ichukuliwe, kwa mfano, shule moja ya sekondari ya kubuni iliyopo Katubuka. Shule hiyo ina tovuti yenye muhtasari wa masomo ya Fizikia na Hisabati. Mwisho wa mwaka bodi inakutana kuamua kama itaendelea kuilipia, au fedha hizo zinunue vifaa vya maabara. Mezani kuna taarifa ya mwezi mmoja: maombi 52,000, wageni 400, na kati ya wageni hao, 12 tu wanatoka Kigoma.

Mjumbe wa kwanza anafurahi: watu 52,000 wameisoma tovuti ya shule! Mjumbe wa pili anasikitika: wasomaji wa Kigoma ni 12 tu, maana yake wanafunzi hawaitumii, basi na ifungwe. Wote wawili wamesoma karatasi moja, na wote wawili wamekosea. Ili kuona walipokosea, ni lazima kwanza kujua ni kitu gani kilichohesabiwa.

Seva huandika nini

Tovuti huhifadhiwa katika kompyuta maalumu iitwayo seva. Mfumo huu wa kurasa zinazounganishwa ulipendekezwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, Uswisi. Msomaji anapofungua ukurasa, kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa katika simu au kompyuta yake, hupeleka maombi kwa seva. Kwa kila ombi, seva huandika mstari mmoja katika daftari lake. Mstari huo huonyesha anwani ya mtandao iliyotoa ombi, tarehe na saa, jina la faili lililoombwa, na namba ya jibu. Namba 200 maana yake ombi limetimizwa. Namba 404 maana yake kilichoombwa hakikupatikana.

Daftari la seva halina safu ya jina la mtu, wala halijui kama ukurasa ulisomwa au ulifunguliwa tu ukaachwa. Huandika maombi. Mengine yote ni makadirio yanayojengwa juu ya maombi hayo.

Kutoka maombi hadi wageni

Ukurasa mmoja haupatikani kwa ombi moja. Katika shule ya mfano, kila ukurasa una faili 1 la maandishi, picha 9, na mafaili 3 ya kupangia sura ya ukurasa. Jumla ni maombi 13. Kwa hiyo:

52,000 ÷ 13 = kurasa 4,000

Kumbe tarakimu iliyomfurahisha mjumbe wa kwanza ilikuwa hesabu ya mizigo. Tena, kurasa hizo 4,000 hazikufunguliwa zote na binadamu. Mitambo ya kutafutia habari katika intaneti hutumia roboti, yaani programu zinazopita kutoka ukurasa hadi ukurasa zikinakili yaliyomo, ili mtu akitafuta neno aonyeshwe mahali lilipo. Roboti nyingi hujitambulisha, na zinaweza kuondolewa katika hesabu, nyingine hujificha. Ikiwa kurasa 1,600 zilifunguliwa na roboti, zinabaki:

4,000 – 1,600 = kurasa 2,400

Mtu anapoingia katika tovuti hufungua kurasa kadhaa kwa mfululizo. Mfululizo huo huitwa ziara. Kwa desturi, kikipita kipindi fulani bila ombi jipya, mara nyingi dakika 30, ziara huhesabiwa kuwa imekwisha. Ikiwa kila ziara ina wastani wa kurasa 3, basi kuna ziara 800. Na ikiwa kila mgeni alikuja wastani wa mara 2 kwa mwezi, wageni ni 400.

Hata hivyo, neno “mgeni” hapa halina maana ya mtu. Ili kumtambua anayerudi, tovuti huacha alama ndogo katika kivinjari chake, iitwayo kidakuzi. Njia hii ilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Kidakuzi hukaa katika kifaa. Mwalimu mwenye simu na kompyuta huhesabiwa kuwa wageni wawili. Wanafunzi 40 wanaopokezana kompyuta moja ya maabara, wakitumia kivinjari kile kile, huhesabiwa kuwa mgeni mmoja. Hivyo basi, wageni 400 maana yake ni takriban vivinjari 400. Watu waliokuwa nyuma ya vivinjari hivyo wanaweza kuwa pungufu ya 400, au zaidi ya hapo kwa mbali.

Wasioonekana

Ipo njia ya pili ya kuhesabu. Ndani ya ukurasa huwekwa programu ndogo, ambayo ukurasa ukifunguka hutuma habari kwa mtambo wa hesabu. Ndiyo njia ya Google Analytics, iliyoanza kutolewa mwaka 2005. Njia hii hukwepa roboti nyingi, lakini ina upungufu wake. Pale mtandao unapokuwa wa polepole, maandishi huweza kufika na kusomwa kabla ya programu hiyo kufika. Msomaji amesoma na hakuhesabiwa. Kadhalika, baadhi ya vivinjari huizuia kabisa.

Kwa sababu hiyo daftari la seva na programu ya ukurasani hazitoi jawabu moja. Mwenye tovuti asishtuke akiona tofauti, kwani ni vipimo viwili vya vitu viwili. Jambo la msingi ni kutumia kipimo kile kile kila mwezi, ili mabadiliko yatakayoonekana yasitokane na kubadilisha kipimo.

Msomaji wa Katubuka aliyehesabiwa Dar es Salaam

Sasa lije swali la mjumbe wa pili. Mahali alipo msomaji hukadiriwa kwa anwani yake ya mtandao. Anwani za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni namba za biti 32. Idadi yake yote ni 2 kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296, nazo hazitoshi kwa vifaa vyote vya dunia. Kwa hiyo kampuni za simu huwafanya wateja wengi watumie anwani moja kwa pamoja wanapotoka kwenda katika intaneti.

Anwani hizo huandikishwa kwa jina la kampuni, na mlango wa kutokea huweza kuwa mbali sana na mteja. Mwanafunzi aliyekaa Katubuka akafungua ukurasa kwa simu anaweza kuandikwa kuwa yuko Dar es Salaam, kwa kuwa mlango wa mtandao wa kampuni yake upo huko. Akitumia kivinjari kinachopitisha kurasa katika seva za kampuni yake ili kuzipunguza uzito, anaweza hata kuandikwa kuwa yuko nchi nyingine.

Kwa hiyo wageni 12 wa Kigoma si wasomaji wote wa Kigoma. Ni wale tu ambao anwani zao zilitambuliwa kuwa za huko. Tarakimu hiyo haithibitishi kwamba wanafunzi wanaisoma tovuti; lakini pia haithibitishi kwamba hawaisomi. Kuifunga tovuti kwa ushahidi huo ni kumhukumu mtu kwa barua aliyoandikiwa mwingine.

Saa na muda

Seva nyingi hutumia saa ya kimataifa, ambayo saa ya Afrika Mashariki huitangulia kwa saa 3. Daftari likionyesha 18:00, Kigoma ni 21:00, yaani saa 3 usiku, na si saa 12 jioni. Na siku mpya ya seva huanza wakati Kigoma ni saa 9 usiku. Mwalimu anayetaka kujua wanafunzi husoma wakati gani ni lazima afanye hesabu hiyo kwanza.

Muda wa kusoma unahitaji hadhari zaidi. Katika hesabu za daftari la seva, muda hupatikana kwa kutoa saa ya ombi la kwanza katika saa ya ombi la mwisho. Mwanafunzi aliyefungua ukurasa mmoja wa somo la mwendo, akausoma kwa nusu saa akinakili daftarini, kisha akazima simu, huandikwa sekunde 0. Huenda msomaji bora kuliko wote akaonekana kama mtu aliyechungulia mlangoni akaondoka.

Wastani nao huweza kupotosha. Ziara tano zikiwa za sekunde 0, 0, 30, 60 na 1,410, jumla ni 1,500 na wastani ni 300, yaani dakika 5. Hakuna hata ziara moja kati ya hizo iliyokaribia dakika 5. Zikipangwa kwa ukubwa, tarakimu ya katikati ni 30, nayo hueleza hali ya kawaida vizuri zaidi.

Kulinganisha vinavyolingana

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi kali kazi hupungua. Anayelinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi hawezi kusema samaki wamepungua ziwani. Vivyo hivyo, mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Asiyejua hilo, akilinganisha samaki walioletwa mwaloni mwezi Juni 2023 na Juni 2024, atafikia jawabu la ajabu.

Tovuti pia ina misimu yake. Ya shule hulala wakati wa likizo. Tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania hufurika siku matokeo yanapotolewa, na mtu mmoja huweza kuifungua mara nyingi kwa hamu ya kuona jina la shule yake. Wimbi la siku moja si kipimo cha wasomaji wa kudumu. Juni ilinganishwe na Juni, na Jumatatu ilinganishwe na Jumatatu.

Kipimo cha pili

Mwanasayansi akitilia shaka kipimo kimoja hutafuta kingine kisichotegemea kile cha kwanza. Bodi ya shule ya mfano inaweza kuahirisha uamuzi kwa wiki moja na kuwaagiza walimu wawaulize wanafunzi darasani, kwa karatasi zisizo na majina: nani aliifungua tovuti wiki iliyopita, na kwa kifaa cha nani? Na ichukuliwe kwamba kati ya wanafunzi 40 wa kidato cha tatu, 22 waliifungua, na 15 kati yao walitumia simu ya mzazi au ya rafiki. Karatasi hizo zimesema mambo mawili ambayo seva isingeweza kusema: kwamba tovuti inasomwa na zaidi ya nusu ya darasa, na kwamba inasomwa kwa simu za kuazima na kwa bando la mtu mwingine. Uamuzi wa busara basi ni kuiacha tovuti, ila kupunguza picha zake 9, ili ukurasa ufunguke upesi na kwa gharama ndogo.

Daftari la seva nalo lisidharauliwe. Orodha ya majibu ya 404 huonyesha masomo yaliyotafutwa yasipatikane. Hiyo ni kazi ambayo mwalimu anaweza kuirekebisha siku hiyo hiyo.

Pamoja na hayo, mwenye tovuti akumbuke kwamba anwani na alama za vifaa huweza kumhusu mtu anayetambulika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, na zisiwekwe zaidi ya muda unaohitajika.

Kwa kifupi, kila tarakimu inapoletwa mezani iulizwe maswali matatu: Kimehesabiwa nini? Nani ameachwa nje ya hesabu? Nani amehesabiwa mara mbili? Bodi inayouliza hivyo haitafurahi bure, wala haitafunga mlango ambao wanafunzi wake wanaupita kila usiku.

Maswali

1. Kila ukurasa wa tovuti moja una faili 1 la maandishi, picha 6 na mafaili 2 ya sura. Seva imeandika maombi 27,000. Ikiwa theluthi moja ya kurasa zilifunguliwa na roboti, binadamu walifungua kurasa ngapi?

2. Ziara saba zilichukua sekunde 0, 20, 20, 40, 50, 70 na 1,200. Tafuta wastani na tarakimu ya katikati. Ipi inafaa kuandikwa katika taarifa ya shule, na kwa nini?

3. Daftari la seva, linalotumia saa ya kimataifa, linaonyesha maombi mengi kati ya 16:00 na 19:00. Taja saa hizo kwa saa za Kiswahili.

4. Katika darasa lako, tunga maswali matatu ya kupima matumizi ya tovuti au ya maktaba bila kuandika majina. Eleza ni nani anayeweza kuachwa nje ya hesabu yako.

Majibu: (1) kurasa 2,000. (2) wastani ni 200. Tarakimu ya katikati ni 40. (3) saa 1 usiku hadi saa 4 usiku.