MAJI YAINGIAYO NDANI YA GARI LA KAZI: ASILI YAKE NA DAWA YAKE

Watu wa Bukoba na Muleba hawana haja ya kufundishwa habari za mvua. Ufukweni mwa Ziwa Viktoria, penye mji wa Bukoba, mvua ya mwaka mmoja hukaribia milimita 2,000, hali ile ya Dodoma ni kama milimita 600 tu. Lakini liko jambo lipasalo kufundishwa, nalo ni namna mvua hiyo iingiavyo ndani ya magari ya kazi, na namna ya kuizuia. Magari yaliyofunikwa kwa bati toka mbele hata nyuma, kama Toyota HiAce, ambayo mengi yao yalikwisha tumika miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu, ndiyo yachukuayo kahawa, vitabu vya shule, dawa, saruji na zana za mafundi katika barabara ya Bukoba, Kemondo na Muleba. Gari livujalo ni ghala livujalo.

Hasara yake ni kubwa. Kahawa iliyokaushwa vema huwa na unyevu wa kama asilimia 12. Ikilala juu ya sakafu yenye maji huyanywa, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutia sumu isiyokwisha yote hata kwa kukaangwa. Saruji hugeuka jiwe. Sakafu ya gari huliwa na kutu, na nyaya za umeme zipitazo chini ya zulia huharibika. Tena liko la kutisha zaidi: tundu lipitishalo maji kwenye mlango wa nyuma au sakafuni laweza pia kupitisha moshi wa ekzosi, na ndani ya moshi huo mna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Basi mwenye kuziba tundu huokoa mzigo, na huenda akaokoa na watu.

Asidhani mtu kwamba ufa mdogo hauna neno. Fanya hesabu. Paa la gari lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1 na nusu lina eneo la mita 6 za mraba. Mvua ya milimita 20 ikilinyeshea, yateremka maji lita 120, yaani madebe 6 ya lita 20. Ikiwa sehemu moja tu katika mia yaingia ndani, ni zaidi ya lita moja kwa mvua moja, nayo hukaa chini ya zulia siku nyingi bila kuonekana.

KWANZA, YATAMBUE MAJI YENYEWE. Si maji yote ni ya mvua. Yakiwa na rangi, yateleza vidoleni na kunukia utamu, ni maji ya rejeta. Yakiwa safi, nayo hutokea siku ya jua wakati kiyoyozi kinapofanya kazi, ni mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi ulioziba. Yakionekana alfajiri juu ya bati na vioo vyote kama umande, ni jasho la gari, litokanalo na pumzi za watu na mizigo mibichi. Dawa yake ni kupitisha hewa. Lakini yakizidi baada ya mvua au baada ya kuoshwa gari, hapana shaka yaingia kwa nje.

PILI, TAFUTA YAINGIAPO, SI YADONDOKEAPO. Wazee waliokaa katika nyumba za msonge walijua kwamba tone liangukalo kitandani huenda lilianza mbali juu, likafuata fito hata likafika pale. Ndivyo ilivyo katika gari. Mahali pa kuchunguza ni hapa: viungo vya bati katika mifereji ya paa, matundu ya nati zishikazo keria, shina la eriali, ukingo wa kioo cha mbele, chini ya waipa, ambapo majani makavu huziba njia ya maji, mipira ya milango, taa za nyuma, na vizibo vya mpira vya sakafuni.

Ama milango, yataka maelezo. Maji kuingia katikati ya mlango ni kawaida, maana hupita kando ya kioo. Kwa sababu hiyo kiwanda hutoboa matundu chini ya mlango ili yatoke, na huweka karatasi ya plastiki nyuma ya ubao wa ndani. Matundu yakizibwa na tope, au plastiki ikichanwa na fundi atengenezaye kioo, maji humwagikia sakafuni. Basi yazibue matundu hayo kwa waya mwembamba, wala usiyazibe kamwe.

TATU, LIJARIBU GARI. Toa mizigo na zulia, kausha kila pahali, utandaze magazeti makavu. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwingine amwage maji kwa mpira au kopo, polepole, akianza chini na kupanda juu, dakika 5 kila mahali. Akianza juu, maji yatateremka kote, wala hatajua ni tundu lipi. Usiku waweza kufanya kinyume: washa taa kali ndani, ukatazame nje miali itokapo. Kwa mipira ya milango, funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umelala au mlango umepinda.

NNE, ZIBA KWA UTARATIBU. Ondoa gundi kuukuu yote. Kwangua kutu kwa msasa hata bati ling'ae, futa vumbi na mafuta, uache pakauke kabisa, kisha upake rangi ya kuzuia kutu. Rangi ikikauka, tia gundi ya poliyurethani itumiwayo na mafundi wa bodi, uilaze kwa kidole kilichovikwa mpira. Nati za keria zifunguliwe, zitiwe gundi na pete za mpira, zikazwe tena. Mpira wa mlango uliopasuka ubadilishwe. Gundi ikisha kauka kwa muda ulioandikwa juu ya chombo chake, rudia jaribio la maji. Kazi isiyojaribiwa haijaisha.

Yako mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kupaka lami juu ya kutu. Kwa nje huonekana pamezibwa, lakini kutu huendelea kula chini yake, na mwaka ufuatao tundu la sindano huwa tundu la kidole. La pili ni silikoni inukayo kama siki: hiyo hulila bati, wala rangi haishiki juu yake.

Mwisho, zulia na sponji iliyo chini yake vitolewe na kuanikwa juani hata vikauke kabisa, maana sponji hushika maji hata zulia likiwa kavu juu. Kama maji yalifika penye nyaya, fungua waya wa hasi wa betri kabla ya kuzigusa.

Viongozi wa vijiji na vyama vya ushirika, na walimu wenye magari ya shule, yawafaa kuyakagua mara mbili kila mwaka, mwezi wa Februari kabla ya masika, na mwezi wa Septemba kabla ya vuli. Kazi hii ni ya siku moja, na vyombo vyake ni tochi, ndoo na msasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa bati wauzwa ghali.