Swali na Jibu: Kuuandika Mchezo wa Peke Yako

SWALI: Bwana Mhariri, hucheza peke yangu, kwa dadu na daftari, mchezo wa kuigiza maisha ya karani wa reli ya Nachingwea enzi za mpango wa kikoloni wa kulima karanga. Niuandikeje upate kusomeka? – Msomaji, Ruangwa.

JIBU: Ndugu yangu, madhali mchezaji wa peke yake ndiye mwigizaji na ndiye hadhira, nakusihi uandike mara mbili: kwanza, ungali ukicheza, swali uliloiuliza dadu na jawabu lake, kwa muhtasari; kisha, akili ikiisha kutulia, hadithi yenyewe, namba ukiziacha pambizoni. Umbo lifaalo ni shajara, kwa kuwa karani wa mwaka 1950 hakujua kwamba mpango ulioanza 1947 ungeachwa 1951, wala kwamba reli yake ingekuja kung'olewa, na kutojua huko ndiko kuyapako maandishi uhai.

Ama kuhusu majibu ya dadu, katika Ironsworn, mchezo wa Shawn Tomkin wa mwaka 2018, kuna ushindi kamili, ushindi wenye gharama, na kushindwa. Huo wa kati ndio wenye hazina, basi uandike kwa kirefu. Na dadu ikihukumu kwamba barua ya karani imepotea, tafadhali usimrudishie.